Kibanja cha Chini

Binti ya Ma Rebeka aliponipigia simu kuniambia mama yake amefariki, nililia kwanza, kisha nikauliza swali ambalo kwetu Kagera huulizwa kabla machozi hayajakauka: anazikwa wapi? Kwa mwanamke aliyeachana na mume wake, swali hilo lina miiba. Kwa mume hazikwi, maana si mke tena. Kwa baba yake sasa wanatawala watoto wa kaka zake, nao huanza kujikuna kichwa, mara kibanja ni kidogo, mara migomba imebanana, mara ngoja tumuulize fulani aliyeko Mwanza. Nimewahi kuona jeneza la mama wa watu likisubiri uani huku wanaume wakinong'onezana nyuma ya nyumba, na sijawahi kusahau jinsi binti zake walivyokuwa wakitazama chini. Lakini binti ya Ma Rebeka hakusita hata kidogo. Alinijibu kama niliyemuuliza jua linachomozea wapi: "Kwake, dada. Kibanja cha chini." Nikakaa kitandani na simu mkononi. Nina umri mkubwa sasa, nimestaafu ualimu, nimezika watu wengi, na bado maneno yale matatu, kibanja cha chini, yalinirudisha kwenye mwaka mmoja ambao naamini ndio ulionifundisha kuwa mtu mzima.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa mwalimu mpya wa shule ya msingi Kagondo na nilikuwa nimepanga chumba Miembeni, kwa mjane aliyeitwa Ma Regina. Kilikuwa chumba cha dirisha moja, na dirisha lenyewe lilitazama uani, mahali Ma Regina alipoanika kahawa yake kwenye mkeka na kuwafukuza kuku kwa kuwatukana kwa majina ya majirani. Kitanda changu cha chuma kilipiga kelele kila nilipogeuka. Jiko la mkaa lilikaa nje ya mlango, na mvua ikinyesha nililiingiza ndani, nikapika huku nikikohoa. Ukuta kati ya chumba changu na sebule ya Ma Regina haukufika darini, kwa hiyo mimi nilijua habari zake zote na yeye alijua zangu. Alijua, kwa mfano, kwamba mwalimu mwenzangu Leonard alikuwa ameshaleta posa, kwamba wazee wake walikuwa wamekunywa lubisi, pombe yetu ya ndizi, nyumbani kwetu wakaondoka wakiimba, na kwamba harusi ingekuwa baada ya Krismasi. Nilikuwa nimeridhika na dunia. Nilidhani ndoa ni jambo la kuchagua kitambaa.

Shangazi yangu, Ma Rebeka, alifika Jumamosi moja wakati wa masika, kutoka Muleba. Alikuwa na kikapu, mkeka uliokunjwa na jembe. Nilipomkaribisha na kumpokea jembe, aliketi kwenye kitanda kilichopiga kelele, akatazama vitu vyake vitatu pale sakafuni, akasema, "Hivi ndivyo nilivyokwenda navyo kwa Yustas nikiwa mwali. Wameniambia niondoke navyo." Nilimpikia ndizi na maharage. Alikula polepole, akanihadithia bila kupandisha sauti. Ta Yustas, mume wake, alikuwa ananunua samaki Kemondo na kuwauza, na huko Kemondo alikuwa amejenga nyumba ya bati na kuweka mwanamke mwingine. Hilo shangazi alilijua siku nyingi. Jipya ni kwamba kaka mkubwa wa mume wake, Ta Zakaria, msemaji wa ukoo wao, alikuwa amemjia asubuhi na kumwambia kwa upole, kama anayemshauri juu ya dawa ya kikohozi, kwamba arudi kwa kaka zake bila kelele, kwa sababu kibanja ni cha ukoo na yeye amezaa mabinti tu, nao wameshaolewa. Kaka zake nao wakamwambia avumilie. Waliogopa kudaiwa mahari. Baba yangu alikuwa mmoja wa kaka hao, na sitamsema zaidi ya hapo.

"Sasa utafanya nini, Shangazi?" nilimuuliza.

"Nitaomba talaka," alisema, "na nitadai kibanja cha chini."

Kwa asiye wa kwetu, inabidi nieleze kidogo. Nchi yetu ina ardhi za namna mbili. Kuna rweya, yale majani mapana ya mlimani, udongo wake umepauka na una changarawe, hauzai kitu zaidi ya nyasi na njugumawe za kubahatisha. Halafu kuna kibanja, migomba na kahawa inayoizunguka nyumba, ambako udongo ni mweusi na laini mpaka unatamani kuushika. Kibanja kikirithiwa kutoka kwa mababu ni cha ukoo, hakiuzwi ovyo, na mke anapoondoka hakimhusu. Ila shangazi alisema hivi: kibanja cha juu, kilichozunguka nyumba, ni cha ukoo kweli, na yeye hana ugomvi nacho. Cha chini, kinachoteremka kuelekea rweya, hakikuwepo alipoolewa. Alikifanya yeye. Kila msimu alikwenda rweya, akafyeka nyasi, akazibeba kichwani, akazitandaza, akaweka samadi juu yake na majivu ya jikoni, akarudia mwaka uliofuata, na uliofuata, mpaka migomba ikakubali kusimama. Kazi ya nyasi kwetu ni ya mwanamke. Mwanaume akionekana na mzigo wa nyasi kichwani, atachekwa mpaka aombe uhamisho.

Jioni ile ile nikasikia sauti ya Ma Regina ikivuka ukuta, akiongea na shoga yake. "Anamshitaki mume? Kwa kibanja?" Shoga akasema siku hizi sheria zipo. Ma Regina akacheka. "Sheria ya Dar es Salaam inajua nini kibanja cha Mhaya? Mwanamke anaondoka na alichokuja nacho, basi." Shangazi alikuwa anamenya ndizi za kesho. Hakuinua hata uso. Alisema kwa sauti ya kawaida, "Ma Regina, waitu, sogea karibu na ukuta, huku maneno mengine yanatupita." Asubuhi Ma Regina akaja na bakuli la maharage yaliyoungwa kwa samli, akaketi mlangoni, na tangu siku hiyo akawa anakuja kila jioni kuuliza kesi imefika wapi. Kufikia Agosti alikuwa anaieleza kwa majirani kama ni yake.

Kesi ilikwenda polepole. Kwanza ilibidi wapite kwenye baraza la usuluhishi la kata, kwa maana mahakama haipokei maombi ya talaka mpaka baraza liseme limeshindwa kupatanisha. Ta Yustas alikuja mara moja, akasema yeye hana ugomvi na mtu, akaondoka. Baraza likaandika kwamba limeshindwa, na shangazi akafungua shauri katika mahakama ya mwanzo ya kwao Muleba. Pale mawakili hawaruhusiwi kumsemea mtu. Kila mmoja anasimama na kusema mwenyewe mbele ya hakimu na wazee wa baraza wawili wanaoamua pamoja naye. Nilidhani jambo hilo litammaliza. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nakosa usingizi. Yeye alisafiri kwenda na kurudi, akifika ananihadithia huku akivua viatu, na kila safari alikuwa na neno jipya la kisheria ambalo aliligeuza ulimini kama punje ya kahawa. Neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa juhudi za pamoja. Hakimu alikuwa amewaeleza kwamba talaka ikitoka, sheria ya ndoa inamtaka ajue ni mali gani ilipatikana wakati wa ndoa kwa juhudi za pamoja, na kila mmoja alichangia nini. Akasema mchango si mshahara peke yake, kwamba kazi za nyumbani na za shamba nazo ni mchango. "Alisema hivyo mbele ya Zakaria," shangazi aliniambia. "Kemi, mwana wange, alisema kazi yangu ina jina." Akarudia tena kimoyomoyo, midomo ikicheza. Mimi niliyesoma chuo nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba sheria inaweza kumwona mtu aliyeinama na mzigo wa nyasi.

Ta Zakaria naye hakulala. Alipopewa nafasi alisema kwamba hakuna kibanja cha juu wala cha chini, kibanja ni kimoja, chote cha babu yao, na mwanamke huyu anataka kula ukoo wa watu. Akaleta wazee wa kuunga mkono. Majirani waliojua ukweli waliangalia pembeni, kwani wataishi na Zakaria kesho na keshokutwa. Hakimu akaamua kwamba mahakama itakwenda kuona eneo lenyewe. Siku hiyo ikapangwa Desemba, shule zikiwa zimefungwa, kwa hiyo nami ningeweza kwenda.

Kabla ya hapo, Novemba, senene waliangukia mji. Mnaowajua hamna haja ya kuelezwa: alfajiri watoto walijaa chini ya taa za Miembeni na ndoo, na mitaa yote ikanuka kikaango. Ma Regina alituletea fungu. Tulikaa kwenye mkeka na shangazi, tukawachambua mabawa na miguu, yeye akawakaanga kwa chumvi. Zamani kwetu mwanamke hakula senene. Aliwakamata, akawachambua, akampelekea mume, na mume akamshukuru kwa nguo mpya. Shangazi alinisogezea sahani, yeye akakaa kando kwa mazoea. "Yustas hakuwahi kunikosesha," alisema. "Kila msimu wa senene nilipata kitenge. Sitamsingizia." Alikitazama kikaango. "Senene wana shukrani yao. Nyasi hazina. Nimebeba nyasi tangu nikiwa mwali, hakuna aliyewahi kuniambia shika kanga hii, ni ya nyasi." Kisha akanyoosha mkono, akachukua senene mmoja, akamtia mdomoni. Alitafuna muda mrefu, macho yake yakiwa kwenye ukuta.

"Chumvi imezidi," alisema, akachukua mwingine.

Siku ya Desemba ilikuwa na ukungu uliochelewa kuondoka. Tulipofika, watu walikuwa wamejaa kwenye migomba, wanaume wameegemea, wanawake wameketi na watoto. Hakimu alikuwa mtu wa Singida, mrefu, amechomeka suruali kwenye soksi kuogopa matope. Alipoketi aliletewa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama anavyopokelewa mgeni wa heshima, naye akazimeza punje nzima kama vidonge. Watu walitazama pembeni kwa adabu. Karibu naye walikaa wazee wa baraza wawili, mmoja akiwa mzee mwenye kofia ya pama na fimbo, Mhaya wa huko huko, na nilipomwona nikakata tamaa. Niliona mtu wa rika la Zakaria, mwenye kibanja cha mababu na wake wenye kubeba nyasi. Huyu, nilijiambia, ameshaamua.

Shangazi alionyesha mpaka wake: hapa panapoanzia mteremko, mpaka pale nyasi zinapoanza. Ta Yustas aliulizwa, akasema kaka yake ataeleza. Ndipo Ta Zakaria akasimama. Alikuwa msemaji mzuri, na alikipenda kibanja chao kwa dhati, hilo nalisema bila kejeli. Akainama, akachota udongo pale kwenye kibanja cha chini, akaupeleka puani kwa hakimu. "Mheshimiwa, wewe ni mgeni huku, nakueleza. Udongo huu hautengenezwi na mke wa mtu. Ona weusi wake. Huu ni udongo wa mababu. Kibanja cha wazee kikichimbwa, ni cheusi hadi chini kabisa. Usinisikilize mimi. Waambie wachimbe popote utakapo."

Hakuna mtu wa kabila lingine ambaye angesema vile. Ni fahari yetu, udongo mweusi. Wanaume wa kwetu hujisifia kwa wageni kama wengine wanavyojisifia kwa ng'ombe. Nadhani Zakaria alikuwa amekisifu kibanja kile miaka mingi hata akasahau kwamba aliwahi kukiona kikiwa rweya.

"Leteni jembe," hakimu akasema.

Walianza juu, karibu na nyumba. Kijana mmoja akachimba mpaka akazama hadi mapajani, na udongo ulikuwa mweusi tangu juu mpaka alipokanyaga. Zakaria akatabasamu, akawatazama watu. Hakimu akashukuru. Kisha akateremka taratibu, akasimama katikati ya kibanja cha chini, akaonyesha kwa kidole. "Na hapa." Kijana akachimba. Mweusi, mweusi, mweusi. Nilikuwa nimemshika shangazi mkono. Shimo lilipofika gotini, jembe likatoa sauti nyingine. Likakwaruza. Kijana akatoa bonge la udongo wa manjano uliopauka, umejaa changarawe, akalitupa juu ya rundo jeusi, na kila mtu akaliona.

Mzee mwenye pama alisogea mpaka ukingoni, akapiga magoti kwa taabu, akaingiza mkono shimoni, akapapasa ukuta wake. Nami nilisogea. Ule weusi haukuwa kitu kimoja. Ulikuwa tabaka juu ya tabaka, nyasi zilizooza, mstari mwembamba wa majivu, tena nyasi, kama vitenge vilivyokunjwa sandukuni, msimu juu ya msimu. Nilikuwa natazama maisha ya shangazi yangu yakiwa yamelala ardhini. Mzee alikaa pale muda, akiwa hajali magoti yake. Alipoinuka alimgeukia hakimu, lakini nadhani alijisemea mwenyewe.

"Hapa palikuwa rweya," alisema.

Hakimu akamuuliza Ta Yustas, "Nyasi hizi nani alileta?" Ta Yustas akawatazama wanaume walioegemea migomba. Kusema alibeba yeye kungekuwa uongo wa kuchekesha, na wangeucheka vilabuni mpaka uzee wake. Akasema, "Ng'ombe walikuwa wangu. Samadi ni ya ng'ombe wangu."

"Ni kweli," shangazi akasema kutoka nyuma. "Ng'ombe ni wake."

Hakimu akaandika. "Na nyasi?"

"Nyasi ni kazi ya wanawake."

"Mwanamke yupi?"

Ta Yustas alimtazama shangazi kwa mara ya kwanza siku ile. Sijui aliona nini. Labda aliona mwali mwenye kikapu. "Huyu," alisema.

Hukumu ilisomwa mwezi uliofuata, ndani ya jengo la bati, na mvua ilipozidi hakimu alilazimika kunyamaza na kungoja, nasi tukangoja naye. Talaka ilitolewa. Kibanja cha juu kikabaki cha ukoo. Nyumba ya Kemondo na ng'ombe wakabaki kwa Ta Yustas, kwa kuwa navyo vilipatikana katika ndoa na ilibidi vihesabiwe kama fungu lake. Kibanja cha chini kikawa cha Rebeka. Zakaria alikata rufaa, na haikumsaidia. Ila siku ya kupanda mulamula, ule mti tunaoupanda kwenye mipaka ugomvi ukiisha, alikuja, akashindilia udongo kwa mguu wake mwenyewe. Nilimheshimu kwa hilo.

Usiku wa hukumu Ma Regina alitaka kuhadithiwa tangu mwanzo, na nikahadithia. Shangazi alikuwa anafunga mkeka wake. Alipomaliza alisema tu, "Sasa nina mahali pa kuzikwa. Hakuna atakayejikuna kichwa." Ndipo nilipoelewa kwamba mwaka mzima ule, wakati sisi tukizungumza migomba na mali, yeye alikuwa anadai hilo moja. Leonard nilimwoa, maana ndivyo nilivyoona baada ya hapo, kwamba na mimi naoa. Nilimweleza habari ya shimo kabla ya harusi, nikamtazama usoni alivyosikiliza. Kiwanja tulichonunua baadaye kina majina mawili.

Tulimzika Ma Rebeka Alhamisi. Waliochimba kaburi walikuwa vijana wa jirani, na mmoja wao alikuwa mjukuu wa Ta Zakaria, kijana mwenye kofia ya mpira aliyefanya kazi kwa bidii huku akitania wenzake. Niliomba kiti, nikakaa karibu na shimo. Watu walidhani ni huzuni. Nilitaka kuona udongo. Shangazi alikuwa ameishi hapo miaka mingi baada ya mwaka ule na hakuacha kwenda rweya mpaka miguu ilipokataa. Weusi ulipita gotini. Ukapita mapajani. Kijana akafuta jasho, akachota udongo mkononi, akaunusa kama babu yake.

"Mama mkubwa, hiki ni kibanja cha mababu hasa," aliniambia. "Ona udongo."

"Endelea kuchimba," nilimwambia.

Alipozama kiunoni, jembe likakwaruza. Alisimama, akatazama changarawe ya manjano miguuni pake, kisha akatazama ukuta mweusi uliomzunguka pande zote, akapandisha macho taratibu kutoka tabaka hadi tabaka mpaka juu, mahali nilipokaa.

"Kumbe hapa palikuwa rweya," alisema, akavua kofia yake.